Biskuti za brauni au za blondi: zipi zinafaa oveni yako, Arusha na Moshi

Brauni ni kitafunwa cha chokoleti kinachookwa kwenye trei moja kisha kukatwa vipande vya mraba: juu kuna gamba jembamba linalong'aa, kati pana unyevu, pembeni panatafunika. Blondi ni ndugu yake asiye na kakao. Ladha yake inatoka kwenye siagi iliyokaangwa mpaka ikageuka kahawia, pamoja na sukari yenye molasi, yaani maji mazito meusi ya miwa. Zote mbili hugeuzwa biskuti za mviringo, laini kati na zenye kunata kidogo menoni, na anayeanza huuliza aanze na zipi.

Wengi humjibu kwa ladha: kama unapenda chokoleti, oka brauni. Lakini kinachoamua kama biskuti zitatoka vizuri ni oveni uliyo nayo na muda ulio nao. Rojo la brauni halisubiri. Donge la blondi linasubiri, na kadiri linavyosubiri ndivyo linavyokuwa zuri. Mwenye oveni ndogo ya mezani inayochukua biskuti sita kwa mkupuo, kwenye mtaa ambao umeme hukatika bila taarifa, alijue hilo kabla hajanunua chokoleti.

Wala blondi si brauni iliyopungukiwa. Simulizi inayojulikana zaidi inaipeleka brauni Chicago mwaka 1893, jikoni mwa hoteli ya Palmer House, ilipotakiwa keki ndogo ya kuwekwa kwenye maboksi ya chakula wakati wa maonyesho makubwa ya dunia. Ila kitabu cha mapishi cha Marekani cha mwaka 1896 kina brauni zisizo na chokoleti hata chembe, zilizokolezwa kwa molasi. Anayeoka blondi kwa sukari guru, ambayo ina molasi yake ndani, hajatoka nje ya ukoo.

Vipimo

Vipimo hivi ni vya Moshi mjini, na kila upande unatoa biskuti 14 au 15 za gramu 45 hivi. Pima kwa mizani. Kikombe cha unga uliochotwa kwa kushindilia kinaweza kuzidi kile cha unga uliomiminwa kwa kijiko kwa gramu 25, na kwenye biskuti ndogo kama hizi gramu 25 zinatosha kukupa keki kavu badala ya biskuti laini.

| | Brauni | Blondi |
|---|---|---|
| Siagi | gramu 85 | gramu 115, ipimwe kabla ya kukaangwa |
| Chokoleti nyeusi | gramu 170, ya kuyeyusha | gramu 80, ya kukatakata |
| Sukari ya kawaida | gramu 150 | gramu 60 |
| Sukari guru | hakuna | gramu 120 |
| Mayai (bila ganda) | gramu 100 | yai 1 na kiini 1 |
| Unga wa ngano | gramu 90 | gramu 165 |
| Kakao | gramu 25 | hakuna |
| Kiumulio | bekingi poda, kijiko cha chai ½ | bekingi soda, kijiko cha chai ¼ |
| Chumvi | kijiko cha chai ¼ | kijiko cha chai ½ |
| Nyongeza | kahawa ya unga, kijiko cha chai 1 | vanila vijiko vya chai 2, maji kijiko cha chakula 1, korosho gramu 70 |

Kwenye brauni gramu 100 za mayai ni mayai mawili ya kisasa, ama matatu ya kienyeji kwa kuwa yale ni madogo. Kahawa yoyote ya kuyeyuka inafaa, hata Africafe. Haitasikika kama kahawa, itaifanya chokoleti isikike zaidi.

Na bekingi soda isibadilishwe na magadi. Magadi ya kuivishia maharage, yale ya Ziwa Natron, ni makali kuliko soda ya kuokea na yataacha ladha ya sabuni kwenye kila biskuti.

Arusha si Moshi

Arusha mjini iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini mita 800 hadi 900. Mapishi mengi yanayozunguka mtandaoni yameandikwa na watu wanaoishi chini ya hapo. Moshi unaweza kuyafuata karibu yalivyo. Arusha hewa ni nyepesi zaidi, na hapo mambo mawili hutokea kwa pamoja: gesi ya kiumulio hutanuka zaidi, hivyo biskuti huumuka haraka kisha ikaanguka kabla haijajishika, na maji hukimbia mapema, kwa sababu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Maji yakipungua sukari inabaki nyingi kwa uwiano, na sukari nyingi ndiyo inayofanya biskuti itandae kama chapati.

Kwa hiyo ukiwa Arusha ongeza unga gramu 10 upande wowote utakaochagua. Punguza sukari ya kawaida gramu 10. Kijiko cha kiumulio kisijae. Kipitishe kisu na utoe kidogo tena. Panda kutoka nyuzi 175 hadi 180 au 185, halafu anza kuangalia dakika moja mapema. Kwenye blondi ongeza pia kijiko cha chai kimoja cha maji, kwa sababu siagi yake imeshapoteza maji kwenye sufuria. Kati ya hizi mbili, blondi ndiyo inayoumia zaidi na kimo: ina sukari nyingi na kitu cha kuishikilia ni unga na yai tu. Brauni ina chokoleti, na chokoleti ikianza kupoa inajishika yenyewe.

Joto la chumba nalo ni jambo jingine. Moshi mwezi Februari donge la blondi lililoachwa mezani linalegea na kuvuja mafuta. Arusha mwezi Julai chokoleti uliyoyeyusha inaanza kuganda bakulini kabla hujamaliza kupiga mayai.

Brauni: kazi ya dakika ishirini, bila kupumzika

Washa oveni kwanza na tandika karatasi ya kuokea kwenye trei zote ulizo nazo, kwa sababu ukishaanza hutapata nafasi. Katakata chokoleti, iweke na siagi na kahawa kwenye bakuli kavu juu ya sufuria ya maji yanayotokota taratibu, bakuli lisiguse maji. Tone moja la maji likiingia kwenye chokoleti kabla siagi haijayeyuka, chokoleti hukakamaa ikawa chengachenga. Ikiyeyuka, iondoe motoni iwe vuguvugu.

Sasa piga mayai, sukari na chumvi. Hapa ndipo gamba linapozaliwa, nalo ndilo linaloifanya biskuti hii iitwe brauni. Gamba hutokana na sukari iliyoyeyuka ndani ya yai, ikapanda juu wakati wa kuoka na kukauka kuwa utando mwembamba. Sukari yetu ya kawaida, ikiwemo ya TPC inayozalishwa hapo Arusha Chini kusini mwa Moshi, ina chembe kubwa zinazochelewa kuyeyuka. Izungushe kwenye blenda sekunde 20 au 30 kabla ya kuipima. Kisha piga kwa mashine dakika 5, kwa mkono dakika 8 hadi 10, mpaka ukiinua kipigio mchanganyiko unaanguka kama utepe na utepe unakaa juu kidogo kabla ya kuzama. Ukisugua tone kati ya vidole viwili usisikie mchanga.

Mimina chokoleti vuguvugu, koroga. Ikiwa ya moto, yai linaiva na utaona nyuzi nyeupe. Chekechea juu yake unga, kakao na bekingi poda, halafu changanya kwa mwiko kwa kukunja kutoka chini kwenda juu hadi unga upotee, na usiendelee baada ya hapo. Rojo litakuwa zito kama uji wa lishe uliopoa. Liache dakika 5 lizidi kukaza, kisha chota kwa vijiko viwili, ukiacha sentimita 5 kati ya biskuti na biskuti.

Ndani ya dakika 15 ziwe zimeingia kwenye moto. Rojo likipoa, chokoleti inaganda, mapovu uliyoyapiga yanatoweka, na biskuti zinatoka na uso uliofifia, nene, bila mpasuko hata mmoja. Ladha itabaki, gamba halitakuwepo. Oveni yako ikichukua trei moja tu, chota rojo lote kwenye karatasi mbili mara moja. Trei ya pili itakayosubiri dakika 11 bado itapata gamba, ila hafifu. Ya tatu isahau. Kwa oveni hiyo, gawanya vipimo nusu.

Blondi: siagi kwanza, halafu subira

Hapa kazi kubwa iko kwenye sufuria, nayo ni ya dakika nane hivi. Tumia sufuria ya alumini inayong'aa ndani, si nyeusi, ili uone rangi. Yeyusha siagi kwa moto mdogo. Itaanza kutokota kwa kelele: hayo ni maji yake yanayokimbia. Kelele ikipungua, povu litapanda jeupe na zito. Endelea kukoroga ukikwangua chini. Chini ya povu vitaonekana vipunje vya njano, kisha vya hudhurungi, na harufu itageuka kutoka ya maziwa kuwa kama ya korosho zikikaangwa. Hapo hapo imimine kwenye bakuli pamoja na vipunje vyote. Usingoje rangi uitakayo ikiwa bado motoni, maana sufuria ina joto la kutosha kuisogeza mbele. Kutoka hudhurungi hadi nyeusi ni sekunde 20, na siagi iliyoungua haina dawa.

Gramu 115 zitabaki kama 95. Zipoe dakika 20.

Sukari guru ikwaruze kwa kikwaruzio cha karoti kisha uichekeche, kwa sababu huwa na nyuzi za miwa na wakati mwingine mchanga. Ikiwa ngumu kama jiwe, ifungie usiku kucha kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na kipande cha mkate. Usipoipata sokoni, iwe Kilombero kwa wa Arusha au Mbuyuni kwa wa Moshi, tumia gramu 180 za sukari ya kawaida kwa jumla (zile 60 za kwenye jedwali zikiwemo) na kijiko cha chakula kimoja na nusu cha molasi ya kula. Molasi ya duka la pembejeo ni ya ng'ombe, hata ikiwa rangi ni ile ile na bei inavutia. Kinachotafutwa hapa ni unyevu: molasi huvuta maji na kuyashikilia, na ndiyo inayofanya biskuti ya leo iwe bado laini keshokutwa.

Changanya siagi na sukari zote, weka yai, kiini, vanila na maji, piga dakika mbili. Kiini cha ziada ni mafuta na ulaini. Ute wa ziada ungeikausha. Ingiza unga, soda na chumvi, kisha korosho zilizokaangwa na chokoleti. Funika, weka kwenye friji angalau dakika 45. Ukiliacha mpaka kesho yake, unga unakuwa umekunywa maji yote, siagi imeganda tena, na biskuti itatandaa kidogo tu na kuwa na rangi iliyokolea.

Friji haipo? Arusha ya Juni hadi Agosti, saa nzima sakafuni kwenye chumba chenye baridi inasaidia. Moshi wakati wa joto, tia bakuli kwenye beseni la maji baridi na ubadilishe maji mara mbili. Umeme ukikatika wakati donge liko kwenye friji, hujapoteza kitu. Ukikatika wakati rojo la brauni liko kwenye trei, umepoteza gamba lote.

Majarini je?

Kwenye blondi, hapana. Kinachogeuka kahawia kwenye siagi ni chembe za maziwa, na majarini nyingi hazina za kutosha. Utakaanga mpaka maji yaishe na hutapata ile harufu. Kwenye brauni majarini inavumilika, kwani chokoleti inaifunika. Soma pakiti: siagi ina mafuta asilimia 80 hivi, majarini nyingi za kupaka mkate zina mafuta machache na maji zaidi, na maji hayo huivuta biskuti kuelekea keki. Punguza pia chumvi, maana nyingi zimeshatiwa.

Chokoleti nayo isiwe ya mafuta ya mimea. Tafuta maneno "siagi ya kakao" kwenye orodha ya viungo. Kakao iwe kakao tupu, ile chungu ukiilamba. Unga wa kinywaji cha chokoleti una sukari nyingi na utaharibu uwiano wote. Kwa hiyo gharama ya brauni iko kwenye chokoleti gramu 170, ya blondi iko kwenye siagi halisi. Kama dukani kwako siagi inapatikana na chokoleti nzuri ni ya kuwinda, umeshachaguliwa.

Moto, na jinsi ya kujua zimeiva

Nyuzi 175 Moshi, 180 hadi 185 Arusha. Brauni dakika 10 au 11, blondi 11 au 12. Oveni ndogo za mezani hudanganya. Kipimajoto cha kutundika ndani kitakuonyesha kwamba 180 ya kitufe inaweza kuwa 160 au 205 ya kweli.

Blondi inakuambia yenyewe ilipofika: kingo zimekuwa za dhahabu kwa upana wa kidole, kati bado pamepauka na panaonekana pabichi. Itoe hapo. Iache juu ya trei dakika 5 hadi 8, joto lililobaki litamaliza kazi. Ukingoja kati pawe pa dhahabu pia, kesho utakuwa na biskuti za kuchovya kwenye chai.

Brauni ni nyeusi tangu mwanzo, hivyo macho pekee hayakusaidii. Angalia gamba limepasuka na kukauka, halafu ingiza kisu bapa chini ya ukingo wa biskuti moja. Ukingo ukinyanyuka huku kati panalegea, imeiva. Dakika mbili zaidi na ule unyevu umekwenda, na rangi haitakuonyesha. Hii ndiyo sababu kubwa ya kumshauri anayeanza aanze na blondi.

Kwenye jiko la mkaa shauri ni hilo hilo, kwa mkazo zaidi. Tumia sufuria kubwa yenye mchanga mkavu wa sentimita 2 chini, ipashe dakika 15 ikiwa imefunikwa, kisha weka trei ya bati juu ya kigae au kopo bapa isiguse mchanga. Palia makaa juu ya mfuniko: thuluthi mbili ya moto juu, thuluthi moja chini. Usifunue kabla ya dakika 8. Blondi hutoka vizuri humo ndani ya dakika 12 hadi 14, na ukifunua unaona rangi. Brauni huungua chini kwanza, na kakao iliyoungua ni chungu hata kama juu paonekana pazuri.

Zikiharibika

Blondi zikitandaa na kuungana, donge lilikuwa na joto, au siagi haikupoa, au trei ilipakwa mafuta. Tumia karatasi bila mafuta. Zikiwa na mafuta mikononi, siagi ilizidi unga. Zikikwaruza menoni, sukari guru haikuchekechwa vizuri.

Brauni zikiwa nene kama keki, unga umezidi au umekoroga sana baada ya kuutia. Zikiwa na gamba lililojitenga na kuacha uwazi chini, mayai yalipigwa kupita kiasi. Hazina ubaya kwa kula, ila zitavunjika njiani.

Za kula leo na za kuuza kesho

Brauni ni biskuti ya siku ile ile. Gamba hunyonya unyevu na kupoteza mng'ao kufikia asubuhi, ingawa ndani hubaki laini siku tatu au nne kwenye kopo lililofungwa. Blondi ni nzuri zaidi siku ya pili na inakaa laini siku tano. Anayepelekea duka au ofisi apeleke blondi. Brauni ziokwe kwa oda inayochukuliwa mchana huo huo. Kwa bodaboda wakati wa joto la Moshi, zote zisafiri zikiwa zimepoa kabisa, zimepangwa safu moja moja na karatasi katikati, maana vipande vya chokoleti vitakuwa vimelegea.

Madonge ya blondi yagandishe yakiwa mviringo, uyaoke bila kuyayeyusha kwa kuongeza dakika mbili. Rojo la brauni usiligandishe. Ligandishe likishakuwa biskuti.

Blondi inakupa pia nafasi ambayo brauni haikupi. Oka donge moja peke yake kabla ya kujaza trei. Likitandaa mno, tia unga kijiko cha chakula kimoja kwenye donge lililobaki. Likibaki kama kilima, libonyeze kwa kiganja kabla ya kuoka yanayofuata. Brauni haina jaribio. Andika kwenye karatasi dakika na nyuzi ulizotumia, ubandike kwenye mlango wa friji, na urekebishe mkupuo unaofuata.